Farasi Weusi wa Sura ya Nne

Tangu nirudi Kisangani, jirani yetu mwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hapendi kunibeba nyuma yake. Si kwa uzito, maana mimi ni mwembamba na mzigo wangu ni mkoba wa karatasi. Ni kwa sababu kila anapokata kona, mwili wangu hujirusha upande wa ndani wa kona, goti limekunjwa, mkono umeng'ang'ania chuma cha kiti. Baiskeli huyumba, naye hulaani kwa Kilingala, kisha hukumbuka kwamba amembeba mtu wa chuo kikuu na kurejea kwenye adabu.

"Grand, kaa kama gunia," aliniambia siku moja tulipoingia mtaa wetu wa Kabondo. "Gunia haisaidiake dereva. Ndiyo maana inafikaka muzima."

Nilimwomba radhi. Sikumweleza, kwa kuwa maelezo yangekuwa marefu kuliko safari.

Kwa miaka miwili niliishi katika nchi ya baridi, kwenye zizi la mama mmoja mjane aliyefuga farasi wa kushindana kwa kuvuta magari. Nilikwenda huko kwa ufadhili, kuandika tasnifu ya uzamili katika sayansi ya wanyama, na swali langu lilikuwa moja: ni uzao upi wa farasi unaofaa zaidi kwa mashindano hayo? Likitamkwa hapa, mjini pasipo na farasi hata mmoja, swali hilo husikika kama kichekesho. Kule lilikuwa swali la watu kula na kutokula.

Mashindano hayo yana sehemu tatu, na kila sehemu humtaka farasi wa tabia nyingine. Kwanza kuna onyesho la mwendo: uwanja wa mchanga, waamuzi wenye kofia, na farasi anayepaswa kuinua magoti kwa madaha na kusimama wima kama askari wa gwaride. Kisha kuna mbio ndefu za porini, zenye vizuizi vya magogo, matope na maji, ambamo gari hupita katika malango yenye herufi, kwa mpangilio usioruhusiwa kukosewa. Mwisho kuna vikoni vya plastiki, viwili viwili, gari likipita katikati, kila kimoja kikibeba mpira juu yake. Gurudumu likigusa, mpira huanguka, na ukianguka hakuna utetezi. Sehemu ya kwanza humtaka mrembo, ya pili humtaka mwenye pumzi, ya tatu humtaka mtiifu. Kumpata mmoja aliye yote matatu ni kazi iliyowazeesha wengi kabla yangu.

Katika mbio za porini, mwendeshaji haendi peke yake. Nyuma yake husimama mtu wa pili, juu ya kibao chembamba. Hana hatamu wala mjeledi. Kazi yake ni uzito wake. Gari likikata kona, yeye hujirusha upande wa ndani ili gurudumu lisinyanyuke. Mtu huyo wa nyuma nilikuwa mimi, na mwili wangu bado haujaarifiwa kwamba kazi imekwisha.

Zizi lilikuwa na jozi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya uzao wa Gelderland, wa rangi ya kahawia na miguu mirefu, waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kuvuta magari. Mwendo wao wa telki, ule ulio kati ya kutembea na kukimbia, ulimeza ardhi bila kuonyesha haraka. Dosari yao ilikuwa wasiwasi: karatasi ikipeperushwa, nao walitaka kuondoka nayo. Jozi ya pili ilikuwa ya Lipizza, wafupi, weupe kama chokaa, vifua vipana. Ndani ya kizuizi waligeuka kama mlango kwenye bawaba zake, lakini hatua yao fupi iliwachelewesha mahali penye uwazi.

Jozi ya tatu ilikuwa ya Frisia. Weusi kabisa, bila doa, singa za shingo zikiwafika mabegani. Siku ya onyesho waamuzi waliwatazama kama watu wanavyomtazama bwana harusi akiingia kanisani. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, na tangu walipoanza kazi hawakuwahi kufungwa mbalimbali. Wa kulia hakugusa nyasi zake mpaka wa kushoto aletwe. Kasoro ya uzao wao inajulikana na kila mfugaji. Moyo wao na mapafu yao vimejengwa kwa ajili ya fahari kuliko umbali, na ngozi nyeusi hukusanya jua.

Mikono ya mama mwenye zizi ilikuwa imeanza kukataa hatamu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na baadhi ya asubuhi mimi ndiye niliyemfungia vifungo vya koti. Aliamua kubaki na jozi moja tu. Jioni moja, akikausha vikombe jikoni, aliniambia kwamba hataki kuchagua kwa moyo, maana moyo wake ungewachagua wote na mikono yake isingeweza. Sura ya nne ya tasnifu yangu, ile ya kulinganisha jozi, ndiyo itakayochagua. Jozi itakayotangulia itabaki; nyingine zitauzwa. Nilicheka nikidhani ni mzaha. Hakucheka.

Kiangazi hicho, siku ya joto ambalo sisi wa Kisangani tungeliita hali ya kawaida, tulikuwa mazoezini na weusi. Ndani ya kizuizi cha maji, wa kushoto aliishiwa pumzi. Hakuanguka; alipunguza mwendo ghafla, huku mwenzake akiendelea. Mti wa katikati unaowatenganisha ukavutwa upande, gurudumu likapanda gogo, na uzito wangu wote niliourusha haukutosha. Mama alirushwa majini. Mimi nilijikuta chini ya gari, mfupa wa bega umevunjika, mguu umenaswa kati ya gurudumu na tope, minyororo ikilia juu ya kichwa changu.

Farasi aliyefungwa kwenye gari lililopinduka hukimbia. Hiyo si kasoro, ni asili yake. Aliye chini ya gari huburutwa.

Wa kushoto alisimama. Niliona ubavu wake ukipanda na kushuka kama mvukuto, niliona masikio yake yamegeuzwa nyuma, kwangu. Kwa kuwa alisimama, ndugu yake naye akasimama. Walikaa vile vile mpaka mama alipotoka majini kwa magoti na kukata mikanda. Sijui ilichukua muda gani. Nimejaribu mara nyingi kukadiria, na kila mara kadirio linakuwa refu zaidi.

Nilitua uwanja wa ndege wa Bangboka mkono ukiwa umefungwa kifuani kwa kitambaa. Mama mdogo, ndugu wa mama yangu, ambaye nyumbani kwake ninaishi, alikuja kunipokea. Hakuuliza kuhusu shahada. Alishika kitambaa kile na kuuliza ni nani aliyenifanyia vile, na njiani nikamsimulia yote, hadi yule mweusi aliyesimama. Alisema "Mungu asifiwe," kisha akanibebea mkoba mpaka Kabondo.

Sura ya nne niliiandika hapa, kwenye meza iliyo chini ya mparachichi uani, courant, yaani umeme, ilipokuwepo na hata ilipokosekana. Sikuwa na mtu wa kumuuliza lolote. Watu wa mtaa walipotaka kujua nimesomea nini, nilijibu: farasi. "Ya kufanya nini?" Kuvuta magari. Hapo mazungumzo yalikoma, kwa upole, kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kukukwaza. Nilizoea kuzungumza na jedwali langu. Lilikuwa na safu nne: mwendo, pumzi, wepesi, utulivu.

Safu tatu za kwanza hazikunisumbua. Ya nne ilinizuia kwa majuma. Kwa kipimo cha kawaida, weusi walikuwa watulivu na hapo yangekwisha. Lakini kipimo cha kawaida hakikuwa na nafasi ya kile kilichotokea majini. Je, kusimama kule kulikuwa tabia ya uzao, au ya mnyama yule mmoja? Au hakukuwa utulivu hata kidogo, bali uchovu: farasi aliyesimama kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kukimbia? Ikiwa ni hivyo, kasoro iliyonivunja mfupa ndiyo iliyoniokoa, na katika jedwali ingepaswa kuandikwa mara mbili, upande wa deni na upande wa fadhila. Nilikaa na wazo hilo mpaka nikaanza kuogopa kwamba nalipenda kwa sababu lilikuwa zuri, si kwa sababu lilikuwa kweli.

Mwishowe niliandika aya moja kuhusu kusimama kule. Mwalimu wangu msimamizi, aliyesoma rasimu kutoka kule kwenye baridi, aliizungushia duara na kuandika pembeni: tukio moja si ushahidi. Alikuwa sahihi. Ningekuwa msimamizi wa mtu mwingine, ningeandika maneno hayo hayo. Niliifuta aya. Gelderland wakashika nafasi ya kwanza, kwa pumzi na mwendo, Lipizza wakafuata, Frisia wakawa wa mwisho, wakisifiwa kwa onyesho lakini wakihukumiwa kutofaa kwa mbio ndefu siku za joto. Kila neno lilikuwa sahihi. Nilimpelekea mwalimu, na nakala nikampelekea mama mwenye zizi kama tulivyokubaliana. Kisha nikaanza kungoja, huku nikijiambia kwamba huenda mama, akiisoma, atauasi utafiti wangu.

Ujumbe wake ulifika asubuhi, nikiwa uani na kikombe cha chai. Ulikuwa mfupi kwa sababu ya vidole vyake. Alinishukuru kwa kazi safi. Alisema weusi waliondoka jana. Hakusema kwa nani.

Niliteleza kutoka kwenye kiti nikaketi chini, juu ya udongo mtupu, mikono kichwani, na machozi yakaja bila sauti.

Hapa kwetu, mtu mzima haketi juu ya udongo mtupu asubuhi, mikono kichwani, bila sababu. Mkao huo ni tangazo. Mama mdogo alitoka jikoni, akaniona, akaacha mwiko uanguke. Alifungua kitenge cha kichwani, akajifunga kiunoni, na akapiga kilio kilichovuka ukuta wa majirani. Hakuuliza ni nani. Hakuna anayeuliza, jina hutolewa na mfiwa mwenyewe anapoweza, na kumharakisha ni utovu wa adabu.

"Mama mudogo," nilianza.

"Nyamaza, mutoto wangu. Lia kwanza. Maneno itakuja."

Ningepaswa kusema palepale. Lakini nilikuwa natafuta sentensi sahihi. "Si msiba" isingekuwa kweli kabisa. "Hakuna aliyekufa" ilikuwa kweli, lakini ingemwonyesha kama mtu aliyelia bure mbele ya mtaa. Nilipokuwa nikizipima sentensi hizi, majirani wa kike waliingia, wakaketi chini pamoja nami, mmoja akashika kifundo cha mguu wangu. Mwingine akaja na makaa kwenye beseni, mwingine na sukari. Kisha akaingia mzee tunayemwita papa, anayeishi mwisho wa barabara yetu, mwenye viti vya plastiki vya misiba na sherehe, viti vinne vikiwa vimepandana kichwani mwake. Nyuma yake alikuja jirani wa toleka, baiskeli imesheheni vingine.

"Bon," papa alisema, akivishusha kwa uangalifu. "Viti kwanza. Bâche ya kivuli inakuya. Jua ya leo haitachekesha."

Jirani wa toleka alichutama mbele yangu. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, na hilo ndilo lililonivunja.

"Grand, pole sana. Ni nani?"

"Hakuna mtu aliyekufa," nilisema. "Ni farasi."

Kilio kilikatika katikati. Mkono uliokuwa kwenye kifundo cha mguu wangu haukuondoka, ila ulilegea.

"Farasi?" mama mdogo aliuliza.

"Wawili."

"Walikufa wawili?"

"Hawakufa. Wameuzwa."

Jirani wa toleka aliinuka polepole, akawatazama wote mmoja baada ya mwingine, akashindwa kujizuia. "Eh, Nzambe! Papa, rudisha bâche! Maiti yetu iko na miguu munane, na iko sokoni!"

Uani kote kulipasuka kicheko. Wanawake walicheka wakijifuta machozi yale yale. Hata mimi nilicheka, kwa sauti iliyonishangaza. Mama mdogo peke yake hakucheka; alikuwa akifungua kitenge kiunoni kwa hasira ya aibu.

"Umenilizisha uso yangu yote," alisema. "Batu bameacha soko."

"Tuondoke basi," alisema jirani wa toleka, akinyoosha mkono kwenye kiti.

"Acha!" Papa alimpiga kofi la mkononi. "Kiti ya matanga ikishuka, hairudi bila kukaliwa. Unataka ikajitafutie maiti? Donc tukae. Tukunywe chai. Docteur atatuambia maneno ya hawa wafu wake."

Wakakaa. Hata bâche ilipofika ilifungwa, kamba moja kwenye mparachichi, nyingine kwenye nguzo ya jiko, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, niliulizwa kuhusu kazi yangu na watu waliongoja jibu. Niliwaeleza jozi tatu. Niliwaeleza vikoni na mipira. Papa alitaka kujua kama waamuzi hawali rushwa. Mama mmoja aliwaunga mkono Lipizza kwa sababu ni wafupi, na wafupi, alisema akimtazama mumewe mfupi aliyesimama mlangoni, wanavumilia.

"Na gari iko na motere?" aliuliza jirani wa toleka.

"Hapana."

"Basi ni toleka yenye damu. Na wewe ulikuwa nyuma. Ah!" Alinielekezea kidole kama aliyemnasa mwizi. "Kumbe ndiyo ile kujitupa-tupa kwako kwa kona! Mimi nilijua iko na kipepo."

"Ni hiyo."

"Iko afadhali. Kipepo ningekataa kubeba."

Papa alirudi kwenye hoja yake. "Sasa hawa weusi. Walibauza juu ya nini?"

"Juu nilisema ukweli. Pumzi yao haitoshi."

"Lakini mmoja si ndiye uliniambiaka alisimama?" Mama mdogo alikuwa amesogea karibu bila mimi kumwona. "Ulipokuwa chini ya gari?"

"Ndiye."

"Na hiyo, uliandika?"

"Niliandika. Kisha nikafuta. Kwa utafiti, tukio moja halitoshi."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Kisha akaenda kutazama moto.

Kabla ya adhuhuri waliondoka. Walikuwa na soko, na shule, na abiria. Papa alipanga viti vyake, akaniambia kwamba kwa matanga ya farasi ilikuwa nzuri. Nilisaidia kufungua kamba. Kicheko chao kilisikika kwa muda barabarani, si kibaya, na kilipokwisha, uani palikuwa kimya kuliko asubuhi. Nilielewa kwamba hadithi yangu sasa ni ya mtaa, itasimuliwa vizuri, itakuwa na miguu minane na soko. Na kwamba katika kila simulizi, farasi wa kushoto hatakuwemo, kwa kuwa nilimpoteza mahali fulani kati ya kicheko na chai.

Nilimwandikia mama mwenye zizi: ni nani aliyewachukua? Hakujibu haraka. Nilitetea tasnifu mbele ya jopo, kwa sauti iliyokuwa ikikatika mtandaoni, na nikapita. Mwanajopo mmoja alisifu unyofu wa sura ya nne.

Picha ilikuja majuma kadhaa baadaye. Mawingu, njia ya changarawe, miti isiyo na majani. Gari refu la vioo, la kuvutwa na farasi, na ndani yake jeneza lenye maua. Mama aliandika kwamba mnunuzi ni mzishi. Kwamba kazi ni mwendo wa kutembea tu, bila joto, bila umbali. Kwamba farasi wa Frisia hupendwa sana kwa kazi hiyo, kwa weusi wao na kwa kuwa hawastuki watu wanapolia. Nilisoma sentensi ya mwisho mara nyingi. Nilikuza picha. Nilichunguza mkanda wa kifua kama umekaa panapostahili. Ulikuwa umekaa. Masikio yalikuwa yamegeuzwa nyuma, kuelekea alichokuwa akikivuta, na hapo nikajua ni yupi.

Kwa vipimo vyangu vyote, amefika alipofaa. Ningeweza kuiandika sura hiyo bila kufuta neno.

Mama mdogo alikuwa akichambua pondu, majani ya muhogo, kando yangu. Nilimpa simu. Alifuta vidole kwenye kitenge, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye ule?"

"Ndiye."

"Anapendeza." Alisogeza picha kushoto, kisha kulia, akitafuta pembeni mwake, mpaka kioo kikagoma. "Mwenzake iko wapi?"

Farasi alikuwa mmoja kwenye gari lile. Nilikuwa nimelichunguza tangu asubuhi, mkanda na hatamu na kwato, na sikuwa nimeliona hilo, au nilikuwa nimeliona.

"Sijui," nilisema.

Alinirudishia simu, akasogeza beseni la majani katikati yetu, na tukachambua pamoja mpaka yakaisha.